Kivuli Kina Msimu Wake: Hotuba kuhusu Maua ya Kudumu ya Majira ya Baridi

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wapenzi wa bustani. Naiweka hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakujaliwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, na palipohitaji maelezo nimeyatia katika maneno.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wapenzi wa bustani,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya maua ya kudumu, yaani yale ambayo mmea wake huishi miaka mingi bila kupandwa upya, na hasa yale yanayochanua katika majira ya baridi ndani ya bustani yenye kivuli. Naona baadhi yenu mnatabasamu, nami nawaelewa. Baridi na kivuli ni mambo mawili ambayo mtunza bustani huyataja anapotaka kulalamika, na mtu anayeyachukua yote mawili kwa pamoja, kisha akasema anataka maua humo humo, huonekana ameamua kujitafutia taabu.

Hoja yangu leo ni moja tu, na yote nitakayoyasema yanaizunguka. Bustani ya kivuli ina msimu wake wa fahari, nao ni majira ya baridi. Tunaidharau kwa sababu tunaihukumu katika majira ya joto, pale ambapo bustani za wenzetu zilizo juani zinawaka rangi na yetu imejikunyata chini ya matawi. Tukiihukumu katika mwezi usio wake, tutaikosea kila mwaka.

Tuanze na swali. Mtu akikuambia kwamba bustani yake ina kivuli, wewe unamuuliza nini? Wengi wetu huuliza: ni kivuli kizito au chepesi? Swali hilo si baya, ila lipo lingine linalolitangulia, nalo ni hili: mwanga unafika lini?

Ndiyo, ndugu zangu, unafika lini? Chukueni mfano wa mwaloni mkubwa, au mti wowote unaopukutisha majani yake kabla ya baridi. Katikati ya majira ya joto, majani yakiwa yamekamilika, ardhi iliyo chini yake hupata asilimia chache tu ya mwanga unaoangukia juu ya mti. Mti huo huo ukiwa mtupu, matawi na shina peke yake, hupitisha nusu ya mwanga au hata zaidi. Sehemu ile ile ya ardhi, kwa hiyo, ni gizani kwa miezi kadhaa na ni mahali penye mwanga wa kutosha kwa miezi kadhaa mingine. Mmea unaotaka kufanya kazi yake yote katika majira ya joto utakufa njaa hapo. Mmea unaofanya kazi yake wakati mti umelala utashiba.

Na iko mimea iliyojipangia maisha namna hiyo hasa. Galantusi, ile yenye ua dogo jeupe linaloning'inia, huchomoza katikati ya baridi, na ncha za majani yake ni ngumu kiasi cha kuweza kupenya udongo ulioganda. Huchanua, hutengeneza mbegu, hujaza akiba katika tunguu lake, na mti unapofunga dari la majani juu yake, yenyewe imekwisha kunyauka na kurudi chini ya ardhi. Eranti, yenye ua la manjano lililokaa juu ya kola ya majani mabichi, hufanya vivyo hivyo. Siklameni ya baridi, ambayo wataalamu huiita Cyclamen coum, imekwenda mbali zaidi: majani yake hutoka miti inapoanza kupukutisha, hubaki mabichi muda wote wa baridi yakikusanya mwanga, maua hufunguka katika miezi ya baridi kali, na majira ya joto yakikaribia mmea wote huingia katika kiazi chake na kulala. Kivuli kinachotukera sisi mwezi wa sita hakiigusi siklameni hata kidogo, kwa sababu mwezi wa sita haipo. Na si kwamba hakiigusi tu. Kivuli hicho kinaifaa, kwa kuwa huzuia jua la kiangazi lisikichome kiazi kikiwa kimelala.

Namfahamu bwana mmoja aliyekuwa na mti wa namna hiyo nyuma ya nyumba yake. Alikuwa akipanda chini yake maua ya majira ya joto, nayo yalirefuka, yakawa membamba, yakaegemea upande mmoja yakitafuta jua, kisha yakaanguka. Alifikia hatua ya kutaka kuukata mti. Tulimwomba asubiri majani yapukutike, kisha adhuhuri moja ya katikati ya baridi aende akasimame pale pale alipokuwa akipanda. Alikuta jua la chini limepenya ubavuni mwa matawi na kufika hadi kwenye shina. Alichukua vijiti akaweka alama penye mwanga, akapanda siklameni na galantusi ndani ya alama hizo, na mti wake ungali umesimama.

Sasa, si kila kivuli kina kalenda ya namna hiyo. Chini ya misonobari na miti mingine isiyopukutisha, giza hudumu mwaka mzima, na palipo na matawi yanayogusa ardhi sina ushauri wa maana zaidi ya kukata yale ya chini, ili jua la baridi, ambalo hupita karibu na upeo wa macho, liweze kuingia kwa ubavuni. Kivuli cha ukuta nacho kina tabia yake: kwa wanaoishi kaskazini ya mbali na ikweta, upande wa kaskazini wa ukuta haupati jua la moja kwa moja wakati wote wa baridi, na kwa wanaoishi kusini ya mbali mambo hugeuka, kama vile ambavyo baridi yao huwa kuanzia Juni hadi Agosti badala ya Desemba hadi Februari. Hapo tegemeeni helebori, mmea wa kudumu wenye maua kama vikombe, ambayo huridhika na mwanga wa anga bila jua lenyewe, ingawa maua yake yatakuwa machache kuliko ya mmea unaopata jua la saa mbili tatu.

Nitoe na tahadhari. Kuchanua wakati wa baridi hakumaanishi kupenda kivuli. Iko airisi moja nzuri sana, Iris unguicularis, inayotoa maua ya zambarau katikati ya baridi, na watu huinunua kwa sababu hiyo wakaipeleka chini ya mti. Hiyo ni mmea wa jua kali na udongo mkavu. Kivulini itawapa majani, majani, na majani tena.

Ndugu zangu, jambo la pili. Maua haya yanawezaje kustahimili baridi? Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Wengi mmewahi kupanda helebori, na wengi, nadhani, mmewahi kushtuka asubuhi ya jalidi. Jana yake mmea ulikuwa umesimama na vikombe vyake vya maua. Asubuhi mnakuta vikonyo vyote vimelala chini, vimelegea, majani yamekunjamana na rangi yake imeiva kuwa ya giza, kana kwamba mtu amevimwagia maji ya moto. Mwenye haraka hung'oa. Msing'oe. Nawasihi, msing'oe. Mmea umeyatoa maji ndani ya seli zake kwa makusudi, ukayaacha yagande katika nafasi zilizo kati ya seli, mahali ambapo barafu haitapasua kitu. Seli zilizobaki na maji kidogo, yaliyojaa sukari na chumvi, hazigandi kwa urahisi. Jua likipanda na jalidi ikiyeyuka, maji hurudi ndani, na kabla ya adhuhuri kikonyo kimesimama tena. Mnaweza kukaa mkakitazama: kwanza shingo ya ua hutikisika, kisha kikonyo huinuka kuanzia chini kwenda juu, polepole mno. Kitu ambacho hakipaswi kufanywa wakati huo ni kukigusa, kwa sababu kikonyo kilichoganda hukatika.

Halafu tazameni ua lenyewe kwa karibu. Mnachokiona kuwa ni petali za helebori si petali. Ni sepali, yaani yale majani ya nje ambayo katika maua mengi hufunika chipukizi kisha yakakosa kazi. Petali za kweli zimegeuka kuwa vijikombe vidogo vya kijani au manjano, vimepangwa duara kuzunguka nyuzi za chavua, na kila kimoja kimejaa mbochi, yaani maji matamu ya ua. Kuna faida gani? Sepali ni ngumu, hazidondoki baada ya siku chache kama petali zinavyodondoka. Ua linaweza kubaki limefunguka kwa majuma mengi likingoja siku moja yenye jua ambapo mdudu ataweza kuruka. Katika helebori nyeupe, Helleborus niger, uchavushaji ukishafanyika sepali hizo hubadilika kuwa za kijani na kuanza kufanya usanisinuru, zikiilisha mbegu inayokua katikati yake. Hakuna kinachotupwa.

Na wadudu je, wanapatikana? Wanapatikana, ila wachache. Nyuki wa asali huanza kutoka mzingani hewa inapofikia nyuzi 10 hivi za Selisiasi. Wale nyuki wakubwa wenye manyoya, jamaa ya Bombus, huweza kuruka kukiwa na baridi zaidi, na malkia wao wanaoamka mapema hukuta meza ikiwa tupu karibu kila mahali isipokuwa kwenye bustani yenye maua tunayoyazungumzia.

Hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Nchini Hispania, watafiti Carlos Herrera na María Pozo walichunguza helebori ya porini, Helleborus foetidus, ambayo huchanua wakati wa baridi chini ya miti, na mwaka wa 2010 wakachapisha walichokiona. Ndani ya vijikombe vya mbochi mna hamira, ambayo nyuki huibeba kutoka ua moja kwenda jingine. Hamira hula sukari ya mbochi, na katika kula huko hutoa joto. Walipima, wakakuta kwamba vijikombe vyenye hamira vina joto kuliko visivyo nayo, na hewa ya ndani ya ua nayo hupata joto. Fikirini: ua limeinamisha kichwa kivulini, pande zote baridi, na ndani yake mnatokota moto mdogo usioonekana, unaowashwa kwa sukari. Ni kweli kwamba sukari hiyo inapungua kwa ajili ya mgeni anayekuja kuinywa, kwa hiyo joto hilo halitolewi bure.

Upo mmea mwingine, wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini, unaoitwa Symplocarpus foetidus, ambao hujitengenezea joto wenyewe bila msaada wa hamira. Unaweza kuweka ua lake nyuzi 15 au hata zaidi juu ya joto la hewa na kuyeyusha theluji inayouzunguka. Nautaja kwa sababu mtu mwenye kivuli chenye kinamasi huniuliza mara kwa mara apande nini. Apande huo, akubali na harufu yake, ambayo haifai kusifiwa.

Jambo la tatu ni udongo, na hapa nitasema waziwazi kwamba wengi wanaoshindwa na bustani ya kivuli hawashindwi na giza. Wanashindwa na mizizi ya miti. Mti mkubwa hunywa maji mengi sana majira ya joto, na mizizi yake mingi ya kunyonya iko katika tabaka la juu la udongo, pale pale tunapochimba kashimo ketu. Mnaingiza mche mnono uliotoka kwenye chungu kikubwa, mnakata mizizi ya mti ili kuupa nafasi, na baada ya miezi michache mizizi ya mti imerudi na kuingia ndani ya lile donge la udongo mzuri mlilouletea.

Kwa hiyo pandeni miche midogo. Nasema tena: midogo. Mche mdogo huingia kati ya mizizi bila vita, huzoea ukavu ungali mchanga, na baada ya miaka mitatu huwa umeupita ule mkubwa. Mizizi ya mti iliyozidi unene wa kidole gumba msiikate, sogezeni shimo. Wala msirundike udongo kuzunguka shina kwa nia ya kutengeneza tuta, kwa sababu mizizi inayofukiwa hukosa hewa, na mti ukidhoofika mtakuwa mmepoteza hicho kivuli chenyewe. Mwagilieni helebori katika majira mawili ya joto ya mwanzo. Baada ya hapo mizizi yake huwa imeshuka chini ya kutosha kujitegemea, isipokuwa ukame uwe mkali.

Mboji ya majani ndiyo mbolea ya bustani hii. Majani yaliyopukutika yakusanyeni mahali pamoja, yaloweshwe, yaachwe mwaka mmoja au miwili, na yatageuka kuwa kitu cheusi chenye harufu ya msitu, kinachoshika maji bila kutuamisha. Kitandazeni juu ya udongo kwa unene wa sentimita chache, wala msikichimbie. Kuhusu majani mapya, yale mapana yanayoshikamana yakilowa, yaondoeni juu ya siklameni na galantusi au yakatekateni kwanza, kwa kuwa yanaweza kuzifunika kabisa. Na shina la helebori, pale mizizi inapokutana na vichipukizi, lisizikwe kwa kina. Helebori iliyozikwa sana huishi miaka na miaka ikitoa majani mazuri bila ua hata moja, na mwenyewe hubaki akilaumu kivuli.

Nizungumzie na tunguu kavu. Galantusi na eranti si kama kitunguu cha jikoni kinachoweza kukaa rafuni. Zikikauka sana, nyingi hazichipui. Njia ya uhakika ni kuzihamisha mara tu baada ya kuchanua, majani yakiwa bado mabichi: mnachimbua kichaka kilichosongamana, mnakigawanya kwa mikono, mnazipanda siku hiyo hiyo kwa kina kile kile, kinachoonekana pale weupe wa shina unapoanza. Anayelazimika kupanda vijiazi vikavu vya eranti avilowanishe usiku kucha kwanza, akiwa na matumaini ya wastani.

Na mnaponunua, ulizeni zimetoka wapi. Biashara ya tunguu za porini ilifikia hatua ya kuchimbua mamilioni ya galantusi, hasa nchini Uturuki, ndiyo maana tangu mwaka wa 1990 galantusi zote zimo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Siklameni nazo zimo. Muuzaji mwaminifu atawaambia kwamba zake zimekuzwa kitaluni, na hataona vibaya kuulizwa.

Sasa nije kwenye jambo linalohusu macho yetu. Mimea hii ni mifupi, na mingi kati yake huinamisha maua. Kuinama huko ni kinga, kwani mvua na theluji haviingii ndani kuharibu chavua. Lakini kwetu sisi tuliosimama wima maana yake ni kwamba tunaona migongo ya maua. Tufanyeje? Mwingereza Margery Fish, aliyeanza kutengeneza bustani yake ya East Lambrook, Somerset, mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuitunza hadi alipofariki mwaka wa 1969, alikuwa na mtaro ndani ya bustani. Aliupanda galantusi kwenye kingo zake, hivi kwamba mtu aliyesimama ndani ya mtaro aliyaona maua yako mbele ya macho yake na juu yake. Mtaro, ndugu zangu! Kitu ambacho wengine wangekifukia. Asiye na mtaro ana ukingo wa ngazi, ana tuta lililoinuka, ana mteremko kando ya njia. Na muhimu kuliko hayo, ana njia anayoipita kila siku. Nani kati yenu huenda mwisho wa bustani wakati wa jalidi kutazama ua lenye urefu wa kidole? Pandeni karibu na mlango, karibu na dirisha, karibu na pale mnapopita mkiwa mmevaa makoti. Pandeni nyingi za aina moja pamoja. Siklameni kumi zilizotawanywa hazionekani, na kumi zilizokusanyika zinaonekana kutoka mbali.

Jambo la sumu nitalipitia haraka, lakini sitaliruka. Helebori, galantusi na eranti zote zina sumu. Utomvu wa helebori huwasha ngozi. Mwandishi wa Kiyunani Pausanias, wa karne ya 2 baada ya Kristo, anasimulia kwamba katika kuuzingira mji wa Kirrha, vita vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo, Solon, mwenye hekima wa Athene, aliwashauri washambuliaji waugeuze mto uliokuwa ukiwapa wenyeji maji, watie mizizi ya helebori ndani yake, kisha waurudishe. Wenye mji, wakiwa na kiu, waliyanywa maji kwa pupa, wakashikwa na kuhara kusikokoma, wakaziacha kuta zao bila mlinzi. Mji ukatekwa. Kwa hiyo vaeni glavu, na wenye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni wafikiri vizuri mahali pa kupanda. Faida yake ni kwamba sungura na kulungu huwa wanaiacha.

La mwisho ni utunzaji wa mwaka, na humo nitasisitiza moja tu kwa helebori za bustani, zile chotara za rangi nyingi. Baridi inapoanza, kabla vichipukizi vya maua havijainuka, kateni majani yote ya mwaka uliopita hadi chini. Yote? Yote. Majani hayo ndiyo hubeba ugonjwa wa mabaka meusi unaoletwa na kuvu, na yakiachwa hupitisha ugonjwa kwenye maua na majani mapya; tena huyafunika maua yasionekane. Lakini, na hii ni lakini kubwa, msifanye hivyo kwa Helleborus foetidus, kwa sababu yenyewe hubeba maua kwenye ncha ya shina lile lile lenye majani. Ukikata shina umekata maua. Hiyo ngojeni imalize kuchanua ndipo mkate mashina yaliyochoka. Mkiona majani machanga yamepata michirizi myeusi inayofuata mishipa na mmea umedumaa, huo si ugonjwa wa kuvu. Ni virusi, nao hauna dawa. Ng'oeni mmea mzima, usiende kwenye lundo la mboji, na wadhibitini vidukari, maana ndio wanaodhaniwa kuusambaza.

Wenye subira wapande mbegu. Mbegu za helebori huiva majira ya joto yanapoingia, na hupaswa kupandwa papo hapo zikiwa mbichi, kwa kuwa zinahitaji kupitia joto lenye unyevu kwanza, kisha baridi, ndipo ziote mwishoni mwa majira ya baridi yanayofuata. Ua la kwanza huja kwa kawaida mwaka wa tatu. Miche ya chotara haifanani na mama, na humo ndimo mwenye macho hupata zawadi. Mwaka wa 1971 Elizabeth Strangman, mtunza kitalu wa Uingereza, alikuta nchini Montenegro mimea miwili ya porini ya Helleborus torquatus yenye maua ya tabaka nyingi. Akaipa majina ya Dido na Aeneas, nayo ikatumika katika kuzalisha helebori za maua yaliyojaa ambazo leo tunazinunua bila kufikiri. Wengine wangepita hapo wakaona magugu tu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kutofanana, anayenunua helebori iliyokuzwa kwa mbegu aende kitaluni wakati imechanua, aliinue ua kwa kidole, alitazame ndani, achague analolitaka kwa macho yake. Picha ya kwenye kibandiko ni ya mmea mwingine.

Maswali yenu nitayapokea sasa, Mwenyekiti akiridhia. Miche ya siklameni iko kwenye meza iliyo mlangoni, kila mtu achukue mmoja. Ya helebori nayo ipo, na glavu ziko kando yake. Asanteni sana kwa kunisikiliza.